Jeni za Kinga ya Mwili na Wepesi wa Kupata Saratani

Mada hii inakutanisha mambo matatu ambayo kwenye silabasi umeyasoma kila moja kivyake: jenetiki, tofauti baina ya viumbe wa spishi moja, na kinga ya mwili. Watahiniwa wengi huyajua yote matatu yakija peke yake. Yakija ndani ya swali moja, kalamu inasimama. Mtihani wa Biolojia utaufanya kwa Kiingereza, lakini jambo likishaeleweka kwa lugha unayoongea nyumbani, kulivusha si kazi kubwa.

Swali lenyewe ni hili. Watu wawili wanaishi nyumba moja, wanakula chungu kimoja, wanaambukizwa kirusi kilekile. Mmoja anapata saratani, mwingine hapati. Kwa nini?

Mitaani utasikia majibu mawili. La kwanza linasema saratani ni ya ukoo, ikishaingia kwenye familia haitoki. La pili linasema ni bahati mbaya tu, au mkono wa mtu. Majibu haya hayakosi alama za mtihani peke yake. Anayeamini la kwanza huona kwenda hospitali ni kupoteza nauli, kwa kuwa lililoandikwa limeandikwa. Anayeamini la pili hupeleka mtoto kwa mganga huku uvimbe unakua. Taasisi ya Saratani Ocean Road haiko mbali na hapa Mnazi Mmoja, na bado kuna wagonjwa wanaofika pale wakiwa wamechelewa. Kwa hiyo soma mada hii kwa macho mawili: moja la mtihani, jingine la nyumbani.

Saratani huanzia wapi

Kila siku mwilini mwako seli nyingi hugawanyika. Kabla seli haijagawanyika, DNA yake hunakiliwa, na mnakili yeyote, hata awe makini vipi, hukosea herufi hapa na pale. Makosa mengi hurekebishwa. Yanayobaki huitwa mabadiliko ya ghafla ya jeni. Yakiangukia kwenye jeni zinazoamua seli igawanyike lini na isimame lini, seli inaweza kupoteza breki na kuendelea kugawanyika bila mpango. Hiyo ndiyo saratani: mgawanyiko wa seli usiodhibitiwa, ukiambatana na uwezo wa seli hizo kupenya na kusambaa sehemu nyingine za mwili.

Usiandike kwamba saratani ni "uvimbe". Upo uvimbe usio saratani, na ipo saratani ya damu isiyo na uvimbe.

Sasa, kama makosa ya kunakili hutokea kwa kila mtu, mbona si kila mtu ana saratani? Sababu mojawapo ni kwamba mwili una walinzi. Seli nyeupe za damu, hasa seli T, huzunguka zikikagua seli nyingine na kuziua zilizoharibika au zilizovamiwa na virusi. Ushahidi wa jambo hili tuliuona kwa macho wakati UKIMWI ulipoenea Afrika Mashariki. VVU huangamiza seli T saidizi, na wagonjwa wengi ambao kinga yao ilikuwa imeshuka walipata saratani iitwayo Kaposi, inayoletwa na kirusi cha jamii ya malengelenge. Hali ya namna hiyo huwapata pia watu waliopandikizwa figo, ambao hupewa dawa za kushusha kinga ili mwili usiikatae figo ya mtu mwingine: baadhi ya saratani huongezeka kwao. Kinga ikishuka, saratani inapata nafasi.

Mlinzi anaonaje kilicho ndani ya duka

Hapa ndipo penye kiini cha mada, tulia usome taratibu.

Seli T haiwezi kuingia ndani ya seli nyingine na kuchungulia. Inakagua kutoka nje. Pita Mtaa wa Kongo asubuhi maduka yanapofunguliwa. Mwenye duka hakuambii uingie ukapekue stoo; anatundika mlangoni sampuli za alichonacho ndani: shati moja, gauni moja, suruali moja. Ukipita tu unajua duka hili linauza nini. Seli zako zinafanya vivyo hivyo. Kila seli yenye kiini huchukua protini zilizomo ndani yake, huzikatakata vipande vidogo vya asidi amino 8 hadi 10 hivi, na kuvitundika juu ya utando wake wa nje. Seli T ikipita inaangalia vipande. Vikiwa ni vya kawaida, inaendelea na safari. Kikionekana kipande cha kirusi, au kipande cha protini iliyoharibika kwa mabadiliko ya jeni, seli hiyo inauawa.

Hanga inayotundika vipande hivyo ni protini, na protini hiyo hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni ziitwazo HLA. Kifupi hiki usikiogope. Maana yake ni antijeni za seli nyeupe za damu za binadamu, kwa sababu ziligunduliwa kwanza kwenye seli nyeupe. Jeni hizi ziko kwenye kromosomu namba 6. Zipo za kundi la kwanza (HLA-A, HLA-B na HLA-C), ambazo hutumiwa na karibu seli zote zenye kiini, na za kundi la pili (HLA-DR, HLA-DQ na HLA-DP), ambazo hutumiwa hasa na seli za kinga zenyewe kuonyeshana walichokamata. Waliofungua njia ya kuzielewa, Baruj Benacerraf, Jean Dausset na George Snell, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1980.

Swali dogo la kujiuliza hapohapo: chembe nyekundu ya damu iliyokomaa haina kiini, je, itatundika vipande kwa HLA kama seli nyingine? Hapana. Ndiyo maana kimelea cha malaria kikijificha ndani ya chembe nyekundu kinapata maficho mazuri. Kumbuka jambo hili, malaria itarudi mbele.

Si hanga zote hubeba nguo zote. Hanga ya suruali haibebi vizuri gauni. Vivyo hivyo, protini ya HLA ya aina moja hubeba vizuri vipande vya umbo fulani na hushindwa vingine. Na hapa ndipo binadamu tunatofautiana kuliko mahali pengine popote kwenye jeni zetu: wanasayansi wameshaorodhesha aleli za HLA zaidi ya 30,000. Linganisha na mfumo wa damu wa ABO mliousoma, ambao kwa mtihani tunahesabu aleli tatu tu.

Kwa hiyo watu wawili wakiambukizwa kirusi kilekile, mmoja hanga zake zinabeba vizuri kipande muhimu cha kirusi hicho na seli T zake zinakiona mapema. Mwenzake hanga zake hazikishiki vizuri, kirusi kinakaa miaka mingi bila kubughudhiwa. Kama kirusi chenyewe ni cha aina inayoweza kuleta saratani, yule wa pili ana wepesi mkubwa zaidi wa kuugua. Hajaugua, ila milango yake iko wazi zaidi.

Seli za saratani nazo zina ujanja. Baadhi huacha kabisa kutundika kitu. Lakini mwili una mlinzi wa pili, seli ya uuaji asilia, ambaye hutilia shaka duka lililofunga milango mchana kweupe. Ujanja mwingine ni kumbonyeza seli T kwenye breki yake ili asishambulie. James Allison na Tasuku Honjo walipata Nobel ya tiba mwaka 2018 kwa kuonyesha kwamba breki hizo zinaweza kuachiliwa kwa dawa. Hilo la breki halitakuja kwenye mtihani wako, lakini ukilijua unaelewa kwa nini leo kuna dawa za saratani ambazo haziui seli ya saratani moja kwa moja bali huamsha kinga ya mgonjwa.

HLA inavyorithiwa

Jeni za HLA zimekaa karibukaribu kwenye kromosomu moja, hivyo kwa kawaida hurithiwa kwa pamoja kama furushi moja. Kila mtu ana mafurushi mawili, moja la baba, moja la mama. Na hakuna furushi linalotawala jingine: yote mawili huonekana kwenye seli. Huo ni utawala wa pamoja, sawasawa na aleli A na B kwenye kundi la damu AB.

Tuseme baba ana mafurushi a na b, mama ana c na d. Chora mraba wako wa kawaida. Watoto watakuwa ac, ad, bc au bd, kila mmoja kwa uwezekano wa 1/4.

Mfano wa swali. Mtoto mmoja wa familia hii ana ugonjwa wa selimundu na anahitaji kupandikizwa uloto, matibabu ambayo sasa yanafanyika nchini, ikiwemo Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma. Mchangiaji bora ni ndugu mwenye HLA zinazofanana naye. Mgonjwa ana ndugu watatu wa baba mmoja na mama mmoja. Uwezekano kwamba angalau mmoja wao anafanana naye ni upi?

Watahiniwa wengi hujumlisha 1/4 mara tatu na kupata 3/4. Ukijumlisha hivyo, familia yenye ndugu watano ingepata 5/4, kitu kisichowezekana. Anza kwa upande wa pili. Uwezekano wa ndugu mmoja kutofanana na mgonjwa ni 3/4. Wote watatu wasifanane: 3/4 × 3/4 × 3/4 = 27/64. Basi angalau mmoja afanane: 1 − 27/64 = 37/64, yaani karibu 58 kwa mia. Na wazazi je? Kila mzazi amempa mtoto furushi moja tu, hivyo kwa kawaida mzazi hufanana na mtoto wake kwa nusu.

Kwa nini asili ikatunza utofauti mkubwa hivi? Mwenye mafurushi mawili yasiyofanana ana aina nyingi za hanga, hivyo anatundika vipande vya aina nyingi zaidi. Na jamii yenye watu wa hanga tofautitofauti haiwezi kumalizwa yote na kirusi kimoja. Hii ni hoja nzuri ya kuandika ukiulizwa umuhimu wa tofauti baina ya viumbe. Inazidi ule mfano wa urefu na ufupi ambao kila mtu huandika.

Kisa cha taya: Burkitt, virusi na malaria

Mfano bora kabisa wa mada hii uko kwetu Afrika Mashariki, na inasikitisha kwamba vitabu vingi huupita.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwangalia mtoto mwenye uvimbe kwenye taya pande zote mbili. Hakuelewa. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, aliona mtoto mwingine mwenye hali hiyohiyo. Burkitt alipekua kumbukumbu za hospitali, na mwaka 1958 akachapisha maelezo ya ugonjwa huo. Leo tunaujua kama limfoma ya Burkitt, saratani ya seli B, zile seli nyeupe zinazotengeneza kingamwili.

Kisha akafanya jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi wa sayansi alijue. Aliuliza: ugonjwa huu uko wapi, na hauko wapi? Mwaka 1961, pamoja na madaktari wenzake Ted Williams na Cliff Nelson, alipanda gari na kusafiri maili 10,000 hivi kutoka Uganda kuelekea kusini mwa Afrika, wakipita hospitali moja baada ya nyingine na kuuliza swali lilelile. Ramani iliyotokea ilikuwa na mpaka wa ajabu: ugonjwa ulikuwa mwingi kwenye maeneo ya joto na mvua, na ulikuwa haba kwenye nyanda za juu zenye baridi. Saratani inayofuata hali ya hewa! Mtu akaweza kuhisi kwamba nyuma yake kuna kiumbe kinachosambazwa, pengine na mbu.

Mwaka huohuo Burkitt alitoa mhadhara London. Aliyeketi akimsikiliza alikuwa Anthony Epstein, mtaalamu wa virusi, ambaye baada ya hapo alipelekewa vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Uganda. Kwa muda mrefu hakuona kitu. Desemba 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu, ikatua Manchester badala ya London, na sampuli ikafika ikiwa imechelewa, maji yake yamechafuka kama yaliyoingiwa na bakteria. Badala ya kumwaga, Epstein aliyaangalia kwa hadubini. Hayakuwa bakteria. Zilikuwa seli za uvimbe zenyewe, zimejitenga na zinaelea zikiwa hai. Kutokana na seli hizo yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walionyesha mwaka 1964 kirusi kipya, ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr, kifupi EBV. Kilikuwa kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu.

Lakini subiri. Zaidi ya watu wazima 90 kati ya 100 duniani wana EBV. Wewe unayesoma hapa yaelekea unacho, na yaelekea sana hutaugua saratani hiyo. Kirusi peke yake hakitoshi. Ile ramani ya Burkitt ilikuwa ramani ya malaria pia, ile kali ya Plasmodium falciparum.

Malaria inaingiaje? Mtoto anayeumwa malaria mara kwa mara ana seli B zinazochochewa bila kupumzika. Kila zinapogawanyika, jeni za kutengeneza kingamwili hukatwa na kuungwa upya kwa makusudi, kwani ndivyo mwili unavyoboresha kingamwili zake. Fundi anayekata nguo usiku na mchana kuna siku atakosea. Kwenye limfoma ya Burkitt, kosa linajulikana: kipande cha kromosomu namba 8 chenye jeni iitwayo MYC, ambayo huamrisha seli igawanyike, huhamia mara nyingi kwenye kromosomu namba 14, mahali penye jeni ya kingamwili. Ndani ya seli B jeni ya kingamwili iko kazini wakati wote. MYC ikikaa jirani nayo, nayo inawashwa moja kwa moja. Seli inagawanyika bila breki. Wakati huohuo malaria inachosha seli T ambazo zingekuwa zinakidhibiti EBV.

Tazama vizuri kilichotokea hapo: jeni ya kinga yenyewe imegeuzwa kuwa swichi ya saratani. Badiliko hili halikurithiwa kwa mzazi. Limetokea kwenye seli moja ya mwili wa mtoto, baada ya kuzaliwa, na halitapita kwa watoto wake. Tofautisha hili na aleli za HLA ambazo zimo kwenye kila seli tangu kutungwa mimba. Mtahini akikuuliza tofauti kati ya mabadiliko ya jeni kwenye seli za mwili na yale ya seli za uzazi, huu ndio mfano wako.

Je, ni malaria kweli?

Mtu mbishi, na sayansi inawahitaji, atasema: labda malaria na saratani hii zinakaa pamoja tu, kama umaskini na nyumba za udongo, bila moja kusababisha nyingine. Jaribio la kwanza kubwa la kumjibu lilifanyika hapa Tanzania, wilaya za kaskazini mwa Mara, kati ya 1977 na 1982. Watoto waligawiwa klorokwini ili kupunguza malaria, na wagonjwa wa limfoma wakahesabiwa. Wagonjwa walipungua. Lakini walikuwa wameanza kupungua hata kabla ya dawa kugawiwa, na vimelea vilianza kuwa sugu. Jibu likabaki nusunusu.

Jibu lenye nguvu zaidi lilikuja kwa njia ya jenetiki. Mnajua kwamba mtu mwenye aleli moja ya selimundu (AS) haugui selimundu, ila ana kinga dhidi ya malaria kali. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alilionyesha hilo mwaka 1954. Sasa fikiri. Mtoto hachagui kuwa AS au AA. Kama wazazi wote ni AS, mraba unatoa AA 1/4, AS 1/2, SS 1/4, kwa kura ya asili, tajiri na maskini sawa. Basi kama malaria kweli inachangia limfoma ya Burkitt, watoto wa AS wanapaswa kuugua saratani hiyo kidogo kuliko wa AA. Watafiti waliofuatilia watoto wa Uganda, Tanzania na Kenya walilinganisha wagonjwa na wasio wagonjwa, na wakakuta hivyo: aleli ya selimundu huambatana na hatari ndogo zaidi. Umaskini hauwezi kuwa maelezo, kwa sababu umaskini haugawi aleli.

Mtego wa mtihani uko hapa. Aleli ya selimundu si jeni ya kinga; ni jeni ya himoglobini. Inapunguza saratani kwa kupitia malaria. Ukiandika kwamba "selimundu hutibu saratani" au kwamba mtu wa SS ana afadhali, umepoteza alama, na umesema jambo la hatari. Mtoto wa SS ni mgonjwa na malaria inaweza kumuua. Kuhusu HLA zenyewe, utafiti wa kaskazini mwa Uganda umeonyesha kwamba baadhi ya aleli zake zinahusishwa na hatari ndogo na nyingine kubwa, kama nadharia ya hanga inavyotufanya tutarajie.

Saratani ya mlango wa kizazi

Kwa kifupi, maana mantiki ni ileile. Hii ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Karibu wagonjwa wote wana kirusi cha papiloma, HPV. Wanawake wengi walioambukizwa HPV hukiondoa wenyewe kwa kinga ya mwili, mara nyingi ndani ya miaka miwili hivi. Kwa wachache kinabaki. Tafiti za nchi mbalimbali zimerudia kuonyesha kwamba wenye aleli za kundi la DRB1*13 wana hatari ndogo zaidi ya saratani hii. Sigara na VVU huongeza hatari, na hayo si ya kurithi.

Na hapa jeni zinashindwa na sindano. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 utaratibu ukawa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Chanjo huandaa kinga kabla kirusi hakijaingia. Haikuulizi una HLA gani. Mdogo wako wa darasa la tano akileta karatasi ya chanjo nyumbani na mtu akasema inaharibu kizazi, wewe ndiye msomi wa Biolojia humo ndani. Ongea.

Wepesi si hukumu

Kila mwaka nikifundisha mada hii, baada ya kipindi hubaki mwanafunzi mmoja akisubiri wenzake watoke. Swali huwa moja: "Mwalimu, mama mkubwa alikufa na saratani. Na mimi je?" Jibu lenyewe lina sehemu tatu na nakuandikia hapa ili usisubiri wenzako watoke.

Kwanza, saratani nyingi hazirithiwi. Kinachorithiwa, na ni kwa baadhi ya watu, ni wepesi wa kuzipata. Pili, wepesi huo unahitaji mambo mengine ili uwe ugonjwa: kirusi, malaria, moshi wa sigara, umri, makosa ya kunakili DNA. Mengi ya hayo yanazuilika. Tatu, zipo familia chache zenye jeni zenye nguvu, mfano BRCA1 na BRCA2 kwa saratani ya matiti. Kama ndugu kadhaa wa damu waliugua wakiwa na umri mdogo, hilo ni jambo la kumweleza daktari mapema, na kulificha hakusaidii.

Limfoma ya Burkitt yenyewe ina jambo la kushangaza: ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote, seli zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, lakini kwa sababu hiyohiyo dawa huziua vizuri, na watoto wengi wanaowahishwa na kumaliza matibabu hupona. Siku ndizo zinazoamua. Mtoto wa miaka 4 hadi 9 akianza kuvimba taya, meno yakalegea bila sababu, jicho likatokeza, au tumbo likajaa haraka, si kazi ya mng'oa meno wa mtaani wala ya kombe. Kituo cha afya kilicho karibu kitampa rufaa. Kwa Dar es Salaam watoto hawa hutibiwa Muhimbili, na kwa Kanda ya Ziwa, Bugando.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini wanafunzi wawili wa bweni moja walioambukizwa kirusi kimoja wanaweza kuwa na matokeo tofauti. Taja jeni, protini na seli zinazohusika.

2. Baba ana mafurushi ya HLA a na b, mama ana b na c. (a) Onyesha watoto wanaoweza kupatikana. (b) Ni watoto gani watakuwa na aina chache zaidi za hanga, na hilo lina hasara gani?

3. Mtu mwenye badiliko la MYC kwenye seli zake za limfoma alipona, akaoa, akapata watoto. Je, watoto watarithi badiliko hilo? Toa sababu.

4. Kwa nini watafiti waliamini zaidi matokeo ya aleli ya selimundu kuliko yale ya jaribio la klorokwini la Mara?

5. "Mwenye HLA nzuri hahitaji chanjo." Jadili.

Dondoo za majibu. Swali la 2: watoto ni ab, ac, bb na bc, wa bb amepata furushi lilelile kwa wazazi wote wawili, hivyo anatundika vipande vya aina chache, na kirusi kinachokwepa hanga zake hakina kizuizi kingine cha aina hiyo. Swali la 3: hapana, badiliko lilikuwa kwenye seli B za mwili, si kwenye mbegu za uzazi. Swali la 4: anza na neno "kura", kisha eleza ni nani anayegawa aleli na ni nani aliyegawa klorokwini. Swali la 5: hakuna mtu anayeijua HLA yake kwa kujitazama, wala HLA moja haizuii virusi vyote, na hata mwenye aleli za DRB1*13 amepunguziwa hatari, hakuondolewa.